Dar es Salaam hadi Muscat: namna ya kupiga hesabu ya umbali na saa za safari ya ndege

Shangazi yangu alikosa ndege akiwa na tiketi mkononi, pasipoti halali, viza tayari na mabegi mawili yaliyofungwa kamba tangu Jumatano. Tiketi ilisema Ijumaa, 02:15. Nyumba nzima tuliisoma "Ijumaa, saa nane na robo usiku". Ijumaa jioni tukapika pilau ya kumuaga, tukapiga picha, tukafika uwanjani saa nne usiku. Ndege yake ilikuwa imesharuka usiku uliopita, sisi sote tukiwa tumelala. Tiketi ya pili aliinunua kwa pesa aliyokuwa ameitenga kwa zawadi za wajukuu.

Tangu siku ile, ndugu yeyote wa kwetu anayesafiri nakaa naye mezani na kalamu na karatasi. Tunahesabu umbali, tunahesabu saa za angani, halafu tunaisoma tiketi kwa Kiswahili. Nimeandika hapa jinsi tunavyofanya, kwa njia ya Dar es Salaam hadi Muscat, Oman, kwa sababu ndiyo njia ya familia yetu na ya familia nyingi za pwani na visiwani. Ukiielewa hii, utaweza kuhesabu safari yoyote.

Hatua ya 1: Anza na uwanja, si mji

Ndege haitoki Kariakoo wala haitui Muttrah. Inatoka Uwanja wa Julius Nyerere, kilomita kama 12 kutoka Posta, na inatua uwanja wa Muscat ulioko upande wa Seeb, kilomita kama 30 kutoka mji mkongwe. Umbali wa ndege ni wa kati ya viwanja hivyo viwili. Kila uwanja una herufi tatu zinazoandikwa kwenye tiketi na kwenye kikaratasi cha begi: DAR na MCT. Zikariri, kwa maana ndizo zitakazokuonyesha kama begi lako limeandikiwa mahali sahihi.

Kisha tafuta latitudo na longitudo za viwanja hivyo. Kwenye ramani ya simu, bonyeza juu ya uwanja na ushikilie mpaka alama itokee, namba zitajitokeza. Utapata hivi:

DAR: nyuzi 6.88 kusini, nyuzi 39.20 mashariki.
MCT: nyuzi 23.59 kaskazini, nyuzi 58.28 mashariki.

Hatua ya 2: Pata umbali

Njia ya haraka ni ile ile ramani ya simu. Ukishaweka alama DAR, chagua kupima umbali, kisha sogeza hadi MCT. Itakupa kilomita za moja kwa moja juu ya uso wa dunia, kama 3,960 hivi. Lakini mimi napenda mtu ahesabu kwa mkono japo mara moja, maana akishahesabu mwenyewe hasahau. Unahitaji kikokotoo chenye kitufe cha "cos" tu.

Dar iko kusini mwa ikweta na Muscat iko kaskazini, kwa hiyo latitudo zinajumlishwa: 6.88 + 23.59 = 30.47. Hizo ndizo nyuzi za kupanda kaskazini. Zote ziko mashariki, kwa hiyo longitudo zinatolewa: 58.28 − 39.20 = 19.08. Hizo ni nyuzi za kwenda mashariki, lakini zinahitaji kupunguzwa kidogo, kwa sababu mistari ya longitudo inasogeleana kadiri unavyoiacha ikweta. Latitudo ya katikati ya safari ni kama 8.36, na cos ya 8.36 ni 0.9894. Zidisha: 19.08 × 0.9894 = 18.88.

Sasa una pembetatu. Upande mmoja 30.47, mwingine 18.88. Zidisha kila namba kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili. Utapata 35.85. Kila uzi mmoja juu ya uso wa dunia ni kilomita 111.2, kwa hiyo 35.85 × 111.2 ni kilomita 3,986.

Hesabu kamili ya duara inatoa 3,972. Tumekosea kilomita 14 katika takriban elfu nne, kwa kalamu na karatasi. Na zile programu zinazozingatia kwamba dunia si mviringo kamili, imebonyea kidogo kwenye ncha zake, zitakupa kilomita kumi na kitu pungufu. Usigombane na mtu kwa tofauti hizo. Ila uwe mwangalifu: njia hii fupi inafaa safari za huku kwetu, karibu na ikweta. Ukienda kuhesabu London hadi Chicago itakudanganya, kwa sababu huko juu mistari imesogeleana sana. Safari za namna hiyo ziachie ramani.

Utaona pia namba nyingine zikitajwa. Kilomita 3,972 ni maili 2,468 za nchi kavu, na ni kama maili 2,145 za baharini, ambazo ndizo marubani na manahodha wanazotumia. Maili moja ya baharini ni kilomita 1.852. Watu wawili wanaweza kubishana kutwa kuhusu umbali kumbe wanasema jambo lile lile.

Ukiuchora mstari huo kwenye ramani utaona mambo ya kupendeza. Ukitoka Dar unaelekea kaskazini-mashariki, unapita juu ya bahari nje ya Mombasa na Lamu, unavuka ikweta karibu na pwani ya Kismayo, unaikata Somalia kwa urefu wake, unavuka Ghuba ya Aden, kisha unaingia Oman jirani na Salalah. Ndege halisi haifuati mstari huo kama ilivyochorwa. Angani kuna njia zilizopangwa, na rubani hupewa ya kufuata. Ongeza asilimia tatu hivi kwa mizunguko hiyo, kilomita kama 120.

Hatua ya 3: Geuza kilomita ziwe saa

Ndege nyingi za jeti zinazobeba abiria huruka kwa mwendo wa kilomita 830 hadi 900 kwa saa zikiwa zimeshafika juu. Tumia 850. Halafu ongeza nusu saa, kwa ajili ya kutambaa hadi njia ya kurukia, kupanda, kushuka, na kutafuta mahali pa kuegesha. Hiyo nusu saa ipo hata safari iwe fupi namna gani.

Kwa Muscat: 3,972 + 120 ni 4,092. Gawanya kwa 850, unapata saa 4 na dakika kama 49. Ongeza dakika 30. Jumla ni saa 5 na dakika 20, kidogo zaidi au pungufu.

Kama ni ndege ya pangaboi, usitumie 850. Ndogo zake huenda kama 500 kwa saa, na zile kubwa zinazofanya safari za mikoani huenda kama 600 na zaidi. Mwanza hadi Dar ni kilomita 852 kwa hewa, ingawa kwa basi ni zaidi ya 1,100. Kwa jeti hesabu inatoa saa moja na nusu. Kwa pangaboi kubwa inakaribia saa moja na dakika hamsini. Aliyezoea basi tofauti hiyo haimsumbui, lakini anayewahi kuunganisha ndege nyingine Dar itamsumbua.

Kuna upepo pia. Mababu zetu walikwenda Oman kwa jahazi wakisukumwa na kusi, wakirudi na kaskazi, na bila upepo walikaa bandarini wakisubiri msimu. Ndege haisubiri msimu, lakini upepo wa juu bado unaiongezea au kuipunguzia dakika. Ajabu yake ni kwamba kule juu, kilomita 10 na zaidi kutoka ardhini, mambo yanageuka. Miezi ya Desemba hadi Februari, wakati kaskazi inavuma huku chini na kumzuia nahodha anayekwenda Arabuni, juu ya Uarabuni kuna mkondo mkali wa upepo unaotoka magharibi, na ndege inayokwenda Muscat inasukumwa nao mgongoni sehemu ya mwisho ya safari. Kati ya Juni na Agosti, kusi ikiwa imeshika, kule juu ya Pembe ya Afrika upepo unatoka mashariki na ndege inakutana nao usoni. Ndiyo maana ratiba ya kwenda na ya kurudi hupishana dakika kadhaa. Ukiona hivyo usidhani wamekosea.

Hatua ya 4: Soma tiketi kwa saa ya Kiswahili

Hapa ndipo ninapomshika mtu mkono na kwenda naye polepole, kwa sababu ndipo shangazi yangu alipoangukia.

Tiketi zote za ndege hutumia saa 24 zinazoanza kuhesabiwa usiku wa manane. Saa yetu huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, halafu tena linapozama. Kwa hiyo 04:30 kwenye tiketi si saa nne na nusu asubuhi. Ni saa kumi na nusu alfajiri. Nimewahi kumwona mzee akibishana na kijana wa kaunta juu ya jambo hilo, na wote wawili walikuwa wakisema kweli, kila mmoja kwa saa yake.

Kanuni ninayowaandikia watu ni hii:

Tiketi ikiwa kati ya 00:00 na 06:59, jumlisha 6. Mfano 02:15 ni saa nane na robo usiku.
Ikiwa kati ya 07:00 na 18:59, toa 6. Mfano 16:45 ni saa kumi na moja kasorobo jioni.
Ikiwa kati ya 19:00 na 23:59, toa 18. Mfano 23:05 ni saa tano na dakika tano usiku.

Baada ya saa, tazama tarehe. Tarehe ya tiketi hubadilika saa sita usiku. Kwa hiyo safari yoyote iliyoandikwa kati ya 00:00 na 05:00 ni ya usiku wa kuamkia tarehe hiyo. Sema hivyo kwa sauti, "usiku wa kuamkia Ijumaa", na hutakosea kamwe. Tiketi ya shangazi, Ijumaa 02:15, ilikuwa ya usiku wa kuamkia Ijumaa. Alitakiwa atoke nyumbani Alhamisi usiku, baada ya Isha. Wazee wa pwani, ambao siku kwao huanza jua likizama, wangesema tangu Magharibi ya Alhamisi kwamba Ijumaa imeshaingia, na ndege wangeiwahi. Lugha yetu ilikuwa na jibu tayari. Sisi ndio tuliosoma kwa haraka.

Kwenye kalenda ya ukutani, zungushia wino siku ya kutoka nyumbani. Usizungushie siku ya tiketi.

Hatua ya 5: Ondoa tofauti ya saa za nchi

Saa ya kuondoka huandikwa kwa saa ya mji unaotoka, na saa ya kufika kwa saa ya mji unaofika. Oman iko mbele yetu kwa saa moja. Dar ikiwa saa nne usiku, Muscat ni saa tano.

Tuseme tiketi inasema kuondoka DAR 16:45, kufika MCT 23:05. Tofauti ni saa 6 na dakika 20. Toa ile saa moja, unabaki na saa 5 na dakika 20, sawasawa na tulivyohesabu kwa kilomita. Wakati wa kurudi unafanya kinyume. Kuondoka MCT 09:00, kufika DAR 13:30, tofauti ni saa 4 na nusu. Jumlisha saa moja, unapata saa 5 na nusu. Namba mbili zikikubaliana hivi, ile ya kilomita na ile ya tiketi, ujue umesoma vizuri. Zikipishana kwa saa moja kamili, umesahau tofauti ya nchi. Zikipishana kwa saa mbili kamili, huenda umeitoa mahali pa kuijumlisha, au umeijumlisha mahali pa kuitoa. Ukisharekebisha hayo na bado zinapishana kwa saa mbili au zaidi, basi huenda ndege ina kituo njiani, rudi uisome tiketi mstari kwa mstari.

Safari za kwenda magharibi ndizo zinazochekesha macho. Kigali na Bujumbura ziko nyuma yetu kwa saa moja, Lubumbashi pia, na Kinshasa iko nyuma kwa saa mbili. Ndege ikitoka Dar 10:00 na kufika Kigali 10:50, mtu husoma dakika 50, kumbe atakaa ndani ya ndege saa moja na dakika 50.

Kwa aliyefunga Ramadhani na anaruka jioni kwenda Muscat, jambo moja zaidi. Unaelekea mashariki, kwa hiyo jua litazama mapema kuliko saa yako ya Dar inavyokuambia. Omba kiti cha dirishani kama inawezekana, uweke tende mfukoni, na ulitazame jua lenyewe. Anayemeza dawa kwa saa maalumu naye ahesabu saa zilizopita tangu dozi ya mwisho, asifuate saa ya ukutani ya nchi aliyofika.

Hatua ya 6: Hesabu kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa nyumba

Mwenyeji wako Muscat akikuuliza safari ni ya muda gani, ukimjibu saa tano utakuwa umempa jibu la rubani. Chukua ile tiketi ya 16:45 na mtu anayetoka Tegeta.

Safari za nje, fika uwanjani saa tatu kabla. Hiyo ni 13:45, yaani saa nane kasorobo mchana. Safari za nje kwa kawaida huanzia jengo la tatu, lile lililofunguliwa mwaka 2019, kwa hiyo mwambie dereva mapema asije akakushusha jengo jingine ukaanza kuburuta mabegi juani. Kutoka Tegeta, kwa foleni ya mchana, weka saa moja na nusu. Mvua ikinyesha weka mbili. Kwa hiyo anatoka nyumbani saa sita na robo mchana. Kaunta ya mizigo mara nyingi hufungwa saa moja kabla ya ndege kuondoka, na ikishafungwa hakuna kilio kinachoifungua.

Anatua 23:05 saa za Muscat. Uhamiaji, mkanda wa mizigo, forodha: weka saa moja na dakika kumi. Gari hadi Ruwi, dakika kama 35. Anagonga mlango saa saba kasoro dakika kumi usiku kwa saa ya Muscat, ambayo kwa Dar ni saa sita kasoro dakika kumi. Tangu afunge mlango wa Tegeta zimepita saa 11 na dakika 35. Hewani amekaa chini ya nusu ya hizo. Huo ndio muda wa kumwambia mwenyeji, na ndio muda wa kupangia chakula, dawa na chaji ya simu.

Kama hakuna ndege ya moja kwa moja

Hesabu kila kipande peke yake, kisha ongeza muda wa kusubiri. Mfano mzuri ni kupitia Nairobi. Dar hadi Nairobi ni kilomita kama 670, Nairobi hadi Muscat kama 3,600. Jumla ni kama 4,270. Umeongeza kilomita 300 tu, dakika kama 20 za kuruka. Lakini ile nusu saa ya kupanda na kushuka unailipa mara mbili, na katikati kuna kusubiri. Safari ya saa tano na dakika ishirini inaweza kuwa ya saa tisa, au kumi na nne, kutegemea ratiba. Kwa hiyo tiketi zenye vituo usizilinganishe kwa kilomita. Linganisha saa za kusubiri.

Mimi sipendi kumwona mzee akiunganisha ndege kwa chini ya saa mbili, hata kama tiketi inaruhusu. Anatembea polepole, ana maswali, na ubao wa safari unabadilika kabla hajaumaliza kuusoma. Hakikisha pia vipande vyote viko kwenye tiketi moja. Vikiwa kwenye tiketi mbili tofauti na cha kwanza kikachelewa, cha pili huenda kisimsubiri, na mara nyingi gharama ni yake.

Karatasi ya mkobani

Mwisho wa hesabu zote, andika mistari michache kwa herufi kubwa na umpe msafiri aiweke ndani ya pasipoti. Shangazi alipopata safari yake ya pili ilikuwa tena ni 02:15, siku ya Jumanne. Karatasi yake ilisomeka hivi:

Toka nyumbani JUMATATU saa nne usiku.
Fika uwanjani JUMATATU saa tano na robo usiku.
Ndege inaruka saa nane na robo, usiku wa kuamkia Jumanne.
Ndani ya ndege: saa tano na dakika ishirini.
Unafika Jumanne saa mbili na dakika thelathini na tano asubuhi, saa ya Muscat.
Begi liandikwe MCT.

Jumatatu ile, saa tatu usiku, alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha barazani, viatu mguuni, karatasi mkononi, akimuuliza dereva kwa mara ya tatu kama amejaza mafuta.